Kocha Haskett na Namba za Kiswidi

Mlio ule ulikuwa mfupi: ko! Kama mtu aliyebisha hodi mara moja, kisha akaghairi na kwenda zake. Lilikuwa goti la mchezaji wa chuo jirani cha Ostrander lililogonga kichwa cha Nils Lindqvist, alasiri ya Novemba, mwaka 1909, nami nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka pale, nimejifunika blanketi.

Wateja wanaokuja dukani kwangu kununua misumari na waya wa seng'enge hupenda kuniuliza habari za Kocha Haskett. "We Tolliver, si ulicheza chini yake? Hebu tupe ile mechi ya Ostrander." Nami huwapa. Huwapa ushindi, huwapa nguzo za goli zilizong'olewa na kubebwa barabarani, huwapa kengele ya kanisa iliyopigwa mpaka kamba ikakatika. Mlio ule siwapi. Huuruka, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu katika nyumba yake mwenyewe bila hata kuangalia chini.

Lemuel Haskett alishuka kwenye treni hapa Tarrow mwaka 1903, na sanduku la bati, na mke wa maneno machache aitwaye Cordelia, na barua ya kuajiriwa chuoni kufundisha jometri. Chini kabisa ya barua palikuwa na mstari ulioongezwa kwa wino mwingine: na kuwashughulisha vijana kwa michezo. Mstari huo ndio uliommeza. Vuli alifundisha mpira wa yai, huu wa kwetu unaobebwa kifuani na kugombewa kwa mabega. Baridi ikiingia alifundisha mpira wa kikapu, mchezo ambao wakati huo ulikuwa mgeni kiasi kwamba wachungaji wetu wawili walikuwa bado hawajaamua kama ni dhambi.

Ukumbi wa kikapu ulikuwa chini ya kanisa la chuo, ndani ya ardhi, na katikati ya uwanja zilisimama nguzo nne za mbao zilizoshikilia sakafu ya kanisa. Dari lilikuwa chini. Mpira ulirushwa ukilala kama jiwe la kuwinda sungura. Wageni walizikimbilia nguzo zile kwa paji la uso. Sisi tulizijua gizani. "Wachezaji wenu ni watano au tisa?" nahodha mmoja mgeni aliuliza akishika pua inayovuja damu. Kocha akamjibu kwa upole wake, "Ni tisa, ila wanne hawapendi kukimbia."

Ndivyo alivyokuwa. Mrefu, mabega yameinama kidogo, sauti ya mtu anayesoma kwa mgonjwa. Makaa ya tanuri la ukumbi alipakia yeye. Jezi zetu alifua yeye na Cordelia, jikoni kwao, na wiki ya mechi ya Ostrander mji mzima ulijua imefika kwa kuona jezi kumi na moja za buluu zikipunga mikono kwenye kamba ya nguo. Ukikosea hakukufokea. Alikuita kando, akachora pembe kwa kidole hewani, akasema, "Ulikuja kwa nyuzi tisini, kijana. Njoo kwa arobaini na tano." Tulimpenda. Naandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji asahau.

Siku hizo sheria ya mpira wa yai ilimkataza kocha kusema. Refa akishapuliza kipenga, kocha alikaa kwenye benchi lake kama mkwe ugenini. Hakuruhusiwa kutoa neno wala kunyoosha mkono, na mchezaji wa akiba anayeingia hakuruhusiwa kupeleka ujumbe. Wazee waliotunga sheria waliamini kijana wa chuo lazima afikiri mwenyewe. Kumtoa mtu ilikuwa kazi ya nahodha kumwambia refa. Na anayetoka, kwa mwaka ule, harudi tena siku hiyo, hata kama ametoka kwa sababu ya mchanga jichoni.

Makocha wote waliiba. Yupo aliyekohoa, yupo aliyefuta miwani. Wetu alikuwa na kofia. Kofia ikirudi nyuma ya kichwa: pigeni mpira mbali. Ikishikwa mkononi: piteni kushoto. Ikivuliwa na kuwekwa gotini: mtoeni mtu, ameumia. Nahodha wetu, Vogel, mtoto wa mwashi, alikuwa akitupa jicho kwenye benchi kila baada ya mchezo, kisha anajikuna shingo ili ionekane jicho lilikwenda bure. Tulicheza miaka mitatu kwa kofia ile na hakuna refa aliyeikamata. Tuliicheka sana. "Kofia ya Kocha," Vogel alipenda kusema, "ina digrii nyingi kuliko maprofesa wote."

Nils Lindqvist ndiye aliyekuwa mgawaji wetu, yule anayetaja namba kabla ya mpira kuanza, na kila namba ikawa na maana yake, nani akimbie na wapi. Baba yake alikufa akimwacha mdogo. Mama yake, Bi Hulda Lindqvist, alilima shamba la mahindi maili nne kutoka mjini kwa mikono yake na ya huyo mwana mmoja. Nyumbani walisema Kiswidi. Chuoni Nils hakukitamka hata akiumwa. Wenzake mwaka wa kwanza walimwita "siagi" na "miguu ya samaki", wakiiga lafudhi yake, naye alijifundisha Kiingereza kilichonyooka kuliko chetu. Kocha alilijua hilo. Ndiye aliyewahi kumkuta nyuma ya kanisa akijisomea matamshi kwa sauti, akamwambia, "Usilifute lote, Nils. Bakiza la kumwambia mama usiku mwema."

Mimi nilikuwa mgawaji wa akiba. Nils akitoka, naingia mimi.

Ostrander walikuwa hawajatufunga wala hatukuwafunga, bila kwa bila, na kipindi cha pili kilikuwa kimezeeka. Miaka kumi na moja chuo chetu hakikuwa kimewashinda. Mkataba wa Kocha ulikuwa unaisha Desemba, na bodi ilikuwa imeketi jukwaani ikijifunika makoti ya manyoya. Nils akabeba mpira katikati, watu wakamwangukia, na mimi nikasikia ule mlio.

Rundo lilipofumuka, alisimama. Hilo ndilo lililowaponya watazamaji na wasiwasi. Alisimama, akajipangusa majani magotini vizuri kabisa, kama mtu anayetoka kusali. Akajipanga nyuma ya mstari wetu. Akaanza kutaja namba.

Alizitaja kwa Kiswidi.

Jukwaa likalipuka kwa kicheko. Walidhani ni ujanja. "Wamechanganyikiwa! Waangalie Ostrander, wanageuzageuza vichwa kama kuku!" Na kweli, Ostrander walisimama midomo wazi, wakidhani tumewaletea lugha ya siri. Hata vijana wetu walicheka. Ferris Oakes, aliyekaa nami benchi, alinipiga ubavuni. "We, huyu mtu ni shetani! Tangu lini alipanga hili?"

Nikamwangalia Kocha. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa wima, na ile sauti ya Nils, ya juu, ya kitoto, inayohesabu kwa lugha ya mama yake, ilikuwa ikimwingia usoni. Mkono wake ukapanda. Ukaishika kofia. Ukaivua.

Vogel naye alikuwa anaangalia.

Kofia ikaanza kushuka kwenda gotini. Na Kocha akanigeukia, kunipima. Nami, Mungu anisamehe, niliinama nikaanza kufunga kamba za kiatu. Mlinzi wa Ostrander alikuwa na shingo kama ya fahali na nilikuwa nimemwangalia saa nzima nikishukuru kwamba si mimi. Nilipoinua macho, kofia ilikuwa imesimama hewani, kati ya kichwa na goti. Ilikaa pale kwa muda ambao ungemtosha mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha ikarudi kichwani.

Vogel akajikuna shingo, mchezo ukaendelea.

Vijana wetu waliamua wenyewe wapite wapi, kwa kukonyezana tu. Dakika nne baadaye Nils alipewa mpira na miguu yake, ambayo haikuhitaji kichwa, ilimpeleka ukingoni mwa uwanja mpaka akavuka mstari. Tukashinda. Wakambeba mabegani. Nilikuwa nimemshika paja la kushoto, nikipiga kelele na wengine, alipoinama na kuniuliza kwa adabu, "Tolliver, mechi inaanza saa ngapi?"

Hakufa. Wapo vijana waliokufa mwaka ule katika vyuo vingine, magazeti yaliwahesabu, na pengine kwa sababu hiyo mji uliona sisi tumebahatika. Alilala siku tisa. Alipoamka alikuwa na Kiswidi chake na Kiingereza kidogo, cha sokoni. Jometri iliondoka. Kifafa kilikuja. Alirudi shambani, akawa mtu wa kuokota mayai na kufunga milango ya zizi, na mama yake alimfunga vifungo vya shati mpaka Nils alipokufa mwaka 1922, mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

Majira ya baridi baada ya mechi, bodi ilikaa kumhoji Kocha. Profesa mmoja wa Kigiriki alitaka mpira wa yai ufutwe na Haskett afukuzwe. Wachezaji tuliitwa, tukapangwa ukutani. Mkuu wa chuo akamuuliza Kocha kwa nini hakumtoa kijana. Kocha alisema, "Sheria ilinikataza kusema." Ni kweli, ilimkataza. Vogel alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama vyangu.

Ndipo Bi Lindqvist akasimama. Alikuja na koti lake jeusi la mazishi na harufu ya maziwa mikononi. Kiingereza chake kilikuwa kinatembea polepole. "Mwanangu alimpenda mtu huyu," alisema. "Mtu huyu alikaa kwangu siku tisa, kiti cha jikoni, hakulala. Mwenye macho hawezi kuona mtoto ameumia akamwacha pale. Hakuona. Ninyi nyote mlikuwepo, mbona nyote hamkuona? Mlicheka."

Profesa wa Kigiriki alikaa. Mkataba wa Haskett ukaongezwa miaka mitano, kisha mingine, kisha ikawa haulizwi tena. Yote aliyoyafanya baadaye, na ni mengi, yalisimama juu ya neno hilo moja la mama yule: hakuona.

Aliacha mpira wa yai mwaka uliofuata, akasema goti linamuuma. Akabaki na kikapu. Na hapo ndipo alipopata jina. Timu zake zilipita kwenye kaunti hii kama upepo, zikashinda mataji ya jimbo mara tatu, na wachezaji wake wakawa waalimu na makocha mpaka Nebraska. Ila alikuwa na desturi moja iliyofanyiwa utani kila mahali. Mchezaji wake akianguka, ametoka. Akishika mkono, ametoka. Akipepesa macho mara mbili, ametoka. "Kwa Haskett ukipiga chafya unakwenda benchi," vijana walisema, "na ukisema ahsante unapelekwa kwa daktari." Fainali moja ya jimbo tuliipoteza kwa sababu alimtoa mfungaji wetu bora aliyejigonga kiwiko. Watu walimzomea mchana kweupe, watu wazima wenye familia. Yeye alikaa kichwa wazi. Kofia hakuivaa tena, hata katika baridi yetu ya Januari inayogandisha ndevu.

Watu walisema ule ni upole. Mke wangu alisema, "Yule mtu ana moyo wa nesi." Nilikubali kwa kichwa.

Kila Julai, kwa miaka yote hiyo, alikwenda kwa Bi Lindqvist kukata majani makavu ya ng'ombe. Alichukua wiki zake mbili za mapumziko akazimalizia pale, akilala ghalani, akila mezani pamoja na Nils aliyemwita "Kocha" wakati mwingine na "baba" wakati mwingine. Hata Nils alipokufa aliendelea kwenda. Mji ulimsifu kwa hilo pia.

Basi mwaka 1931 chuo kikajenga ukumbi mpya wa kikapu, wa matofali, usio na nguzo katikati, na kamati ikaamua uitwe Ukumbi wa Haskett. Wiki moja kabla ya kufunguliwa, aliingia dukani kwangu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, nywele zimekwisha kuwa unga.

"Nipe bawaba mbili, Tolliver."

"Za nini, Kocha?"

"Za mlango."

"Hilo nilidhani. Bado hawajaanza kuzitia kwenye suruali, ingawa kwa umri wetu zingefaa."

Hakucheka. Alizigeuza bawaba mkononi, akazifungua, akazifunga.

"Wamemwalika Bi Lindqvist," alisema. "Yeye ndiye atakayefunua ubao wenye jina."

"Nimesikia."

"Atasema maneno yake yale."

"Ni maneno mazuri, Kocha."

"Siku ile ulikuwa unaangalia kofia yangu."

Duka lilikuwa tupu. Nilichukua kitambaa nikapangusa mizani isiyo na vumbi. "Mimi nilikuwa nafunga kamba za kiatu," nikasema.

"Najua. Zilikuwa zimefungwa."

Niliona uso unanichoma kama nimeinama juu ya jiko. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mzee wa kanisa, na nilitaka kujificha chini ya kaunta.

"Usimwambie, Kocha," nikasema hatimaye. "Ni mama wa miaka sabini na minne. Utakuwa umempa nini zaidi ya mzigo? Mwache alale na alichonacho."

"Hilo ndilo nililojiambia miaka ishirini na miwili. Linatamkika vizuri, sivyo?" Aliweka bawaba chini. "Nilijaribu mara moja. Wiki tuliyomzika Nils. Tumekaa jikoni, nikaanza, 'Bi Lindqvist, siku ile ya mechi…' Akasema, 'Kunywa kahawa, Kocha, inapoa.' Nikanywa. Nikaomba na kikombe cha pili."

Alilipia bawaba zake akaondoka. Aliziacha kwenye kaunta. Ilibidi nimkimbilie nje.

Siku ya ufunguzi tulikula mchana chini ya kanisa, katika ukumbi ule wa zamani, meza zimepangwa kati ya nguzo nne. Kina mama walipika kuku na tambi nene, viazi vya kupondwa, pai za maboga. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Crandall wa benki ya nafaka, alizunguka akipiga watu mgongoni. "Kocha, mbona huli? Au unaogopa ukijichoma ulimi utajitoa mwenyewe?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kocha alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Bi Lindqvist, aliyekaa kando yake, alimkatia kuku vipande vidogo bila kuulizwa, kama alivyokuwa akimkatia mwingine.

Kisha tukavuka uwanja kwenda ukumbi mpya. Ulinukia vanishi. Sakafu iling'aa kiasi kwamba watu walitembea kwa vidole, kama wanaoingia chumba cha mtoto aliyelala. Niliketi safu ya mbele pamoja na wachezaji wa zamani, karibu na Cordelia. Crandall alihutubia mataji. Hakulitaja jina la Nils. Alisema "ile ajali ya kusikitisha" akapita.

Bi Lindqvist akainuliwa. Alikuja na fimbo, akakataa kiti. Alilivuta shuka, ubao ukaonekana, herufi za shaba, watu wakapiga makofi. Alipogeuka, akainua mkono wakanyamaza.

"Walitaka kumfukuza mtu huyu," alisema. "Mimi nilisema, hapana. Wengine mpaka leo wananong'ona dukani, kanisani. Wanasema alijua. Mimi nawaambia, mtu aliyekata majani yangu majira ishirini na mawili, mtu aliyemshika mwanangu mabega wakati wa kifafa ili asijigonge, huyo angeona, angesimama. Sheria gani? Angeivunja. Hakuona." Akamnyooshea mkono. "Njoo hapa, Kocha. Mimi nimelisema peke yangu miaka yote. Leo liseme wewe, wasikie mdomoni mwako, nife nimepumzika. Waambie hukumwona."

Alisimama. Cordelia alivua glavu zake, akaziweka mapajani, akakaza vidole. Crandall alikuwa tayari ameweka mikono kwa ajili ya makofi. Kocha alitembea hatua zile sita juu ya sakafu mpya, na viatu vyake vilipiga kelele kila hatua, na nikaona kwamba angeweza bado kulisema. Lilikuwa neno moja tu, na watu mia tatu walikuwa wakimsubiri alitamke ili waende kunywa kahawa. Akafika mbele ya yule mama. Hakuwageukia watu. Alipiga magoti, mzee yule, goti moja kisha la pili, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama yule, akaushika ule mkono uliokuwa umenyooshwa. Bi Lindqvist akainama, akampapasa kichwa wazi, akidhani analia kwa furaha.

Sisi wa safu ya mbele tulisikia. Nyuma yetu hawakusikia kitu.

"Nilimwona, mama," alisema. "Alihesabu Kiswidi, nikamsikia, nikajua, nikanyamaza."